Mashine Imenirudisha Mwanzo

Naitwa Ok Mal-sun, nina miaka sabini na miwili,
arobaini kati yake nimeshona sare za shule hapa Daejeon,
na leo nimeshindwa kununua kahawa.

Si kwamba sina hela. Ninayo, noti, nimeikunja kiganjani.
Mashine haitaki noti. Inataka nichague:
ya moto, ya baridi, ndogo, kubwa, kunywa hapa, kuondoka nayo,
una pointi, huna pointi, ungependa kujiunga?
Nikivaa miwani, muda umekwisha.
Skrini inafuta yote na kunikaribisha upya
kwa sauti ya binti asiyewahi kuumwa na jino.
Mara tatu nimekaribishwa. Hata wakwe zangu hawakunikaribisha hivyo,
na mara zote tatu nimebaki mlangoni.

Basi nitasema. Foleni nyuma yangu inangoja niseme au nife.

Wanaodai teknolojia inaokoa muda
waniambie muda huo wameuweka benki gani.
Mwanangu Gi-tae anauokoa tangu alipohamia Suwon.
Ana mashine inayofagia yenyewe, ana jokofu linalomkumbusha mayai,
na dakika tano za kunipigia hana.
Hunitumia katuni ya dubu anayeinama.
Miaka ishirini ya malezi, nimelipwa dubu.

Kwangu, sufuria ya umeme hunena:
"Wali umeiva. Tafadhali ukoroge."
Nami humjibu. Naam, humjibu!
Chekeni mtakavyo.
Siku niliyoungua mkono, yeye peke yake ndiye aliyekuwa akizungumza mle ndani.

Halafu hao wa siasa.
Uchaguzi ukikaribia husimama njia panda saa moja asubuhi,
glavu nyeupe, fulana za rangi ya chama,
wanawake wa kukodiwa wakicheza juu ya lori,
na mgombea anainama mpaka paji la uso linatafuta viatu.
Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nalijua hilo.
Ila mimi ni fundi nguo: mtu akiinama sana mbele yangu
namtazama mshono wa nyuma.
Nimeutazama. Umefumuka wote.
Na hawa wa rangi ile nyingine? Kitambaa kilekile, wamebadili bitana.

Mzee Pyo wa ghorofa ya sita hataki kusikia hayo.
Usiku kucha hutazama video za mtu anayefoka ndani ya gari,
asubuhi ananieleza kwenye lifti nchi inauzwa na nani.
Kila wiki muuzaji ni mwingine, nchi ni ileile,
na Pyo hajalipa deni la kufupishiwa suruali.

Wanalia eti watoto hawazaliwi.
Haohao wamebandika kwenye mlango wa mkahawa: watoto hawaruhusiwi.
Haohao humpigia mlinzi simu
mtoto wa juu akikimbia saa mbili usiku.
Juu yangu yupo mmoja, Ra-on, ana miguu ya ndama.
Hutoka jikoni mbio hadi dirishani, hurudi,
nami huzima televisheni nimsikie.
Shule yangu ya zamani ilileta oda mwaka jana:
sare nne.
Nne! Zamani nilikuwa nazimaliza kabla ya chai.
Nimezishona wiki nzima, kila kifungo nimekikaza mara mbili.

Kijana nyuma yangu amechoka.
"Bibi, niruhusu," kasema, na kidole chake kikaruka
kama kuku anayedonoa, pa pa pa, kadi yake, kwisha.
Nikampa noti. Akaikataa kwa kuinama,
kidogo tu, shingo peke yake,
kama mtu asiyehitaji kura.

Kahawa ikaja ya baridi. Barafu hadi ukingoni, na nje ni Januari.
Sikusema kitu. Nimeinywa yote.
Naandika haya na jino bado linauma.